Mapambo ya Msichana Katika Usiku wa Dar es Salaam

Mnamo mwezi wa Oktoba, mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitoa azimio mjini Dar es Salaam ambalo kwa mtazamo wa haraka lingeweza kudhaniwa kuwa ni jambo dogo. Azimio lilitaja vitu vichache vya kuvaliwa na kupakwa: gauni fupi lililojulikana kwa jina la mini, nywele za bandia, dawa za kubabua ngozi, na nguo za kubana mwili, suruali zikiwamo. Vitu hivyo vilitangazwa kuwa si vya utamaduni wa taifa, na marufuku yake ikapangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Kampeni yenyewe iliitwa Operesheni Vijana. Jina lilitaja vijana wote, wa kiume kwa wa kike. Lakini kila aliyeitazama orodha ile kwa makini aliona kwamba, ukiondoa suruali, mzigo wote ulikuwa umetwikwa kichwa kimoja, nacho ni kichwa cha msichana wa mjini.

Habari ya azimio lile husimuliwa aghalabu kana kwamba ilianza London. Mary Quant alifungua duka lake katika barabara ya King's Road mwaka 1955. Miaka kumi baadaye pindo la gauni lilikuwa limepanda juu ya goti. Picha zikavuka bahari. Msichana wa Dar es Salaam akaziona, akaiga, na chama kikamkataza. Maelezo haya si ya uongo, lakini ni mafupi kama gauni lenyewe. Miji ya pwani ilikuwa na wasichana waliojipamba na kutoka usiku zamani sana kabla ya mini kuzaliwa, na katika kila zama alikuwapo mzee, mwalimu, kadhi au bwana shauri aliyeona kwamba wamepita kiasi. Geni katika mwaka 1968 halikuwa pambo wala lawama. Geni ni yule aliyelaumu.

Yafaa basi kurudi nyuma kidogo. Unguja ya karne ya kumi na tisa iliweza kumsoma mwanamke kwa macho tu. Mtumwa alivaa merikani au kaniki. Kichwa wazi na miguu mitupu vilikuwa alama za hali yake. Amri ya kufuta hali ya utumwa ilipotolewa tarehe 6 Aprili 1897, masuria hawakuwamo katika uhuru ule, nao walingoja mpaka mwaka 1909. Lakini sheria ilipokwenda mwendo wa kobe, nguo ilikimbia. Wanawake waliokuwa watumwa jana walijitwalia kanga, wakafunika vichwa, wakavaa viatu, na baadaye wakajitanda buibui kama mabibi waliowatumikia. Yasemwa kwamba kanga za mwanzo zilikuwa leso zilizouzwa kwa mtando, ambazo wanawake walizikata na kuzishona sita pamoja ili kupata nguo moja pana. Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Nguo ambayo baadaye iliitwa vazi la heshima la asili ilianza kama bidhaa ya dukani, ikaletwa na wafanya biashara kutoka ng'ambo, na ikapendwa kwanza na wanawake waliotaka kusahauliwa walivyokuwa.

Na kanga haikuvaliwa peke yake. Mwanamke wa pwani aliyetoka kwenda harusini au ngomani usiku alibeba juu ya mwili wake kazi ya mafundi wengi. Masikioni palikuwa na majasi au vipuli, puani kipini, shingoni mkufu na, karibu na kifua, kikuba chenye majani ya harufu njema. Mikononi alivaa bangili au keekee, na miguuni mitali au furungu, ambazo hazikupendeza macho tu bali zilisema kila alipokanyaga. Macho yalitiwa wanja, vidole vikatiwa hina, nywele zikatiwa asumini, na nguo zikafukizwa udi kabla ya kuvaliwa. Fedha ya mapambo yale ilitoka mara nyingi katika reale za Maria Theresa zilizoyeyushwa na masonara. Kwa hiyo pambo lilikuwa pia akiba: mwanamke asiye na shamba wala nyumba aliweza kuvaa mali yake yote, na siku ya shida akaiuza au akaiweka rehani. Wale waliomcheka kwa kujitia madini hawakujiuliza mali hiyo angeiweka wapi pengine.

Usiku ndio uliokuwa uwanja wa mapambo hayo. Mchana ulikuwa wa kazi na wa wanaume barabarani. Usiku, kwa sababu ya giza na kwa sababu ya desturi, uliwaruhusu wanawake kutembeleana. Vyama vya lelemama vya Mombasa, kama Kingi, Scotchi na Ibinaal Watan, vilishindana kwa nyimbo, kwa karamu na kwa sare. Sare ni neno la kuzingatiwa. Wanawake wengi kuvaa nguo za namna moja, wakasimama katika safu moja, lilikuwa tamko la watu wasioandikwa katika baraza lolote: kwamba wao ni kundi, wana viongozi, wana fedha, na wana wapinzani. Wazee wengi walilaumu gharama. Wenye dini walilaumu ngoma. Hata hivyo vyama havikufa kwa lawama. Vilififia baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mambo mengine yalipoanza kuwavuta wanawake vijana.

Dar es Salaam, mji mchanga kuliko Mombasa na Unguja, ulipokea urithi huu na kuuchanganya na mwingine. Kulikuwa na beni, ngoma ya wanaume iliyoiga vyeo vya jeshi, ambamo Marini na Arinoti walitambiana. Kulikuwa na vyama viwili vikubwa vya taarabu, Egyptian na Al-Watan, vilivyougawa mji katika mapenzi mawili. Kulikuwa na ngoma za wanawake, na miongoni mwazo moja iliitwa Bomba. Mwimbaji wake mkuu alikuwa mwanamke kijana, Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1926.

Mwaka 1955 TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na ilihitaji wanawake. Hadithi hiyo inajulikana: mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliuliza tawi la wanawake liko wapi, na viongozi hawakuwa na jibu. Bibi Titi akatafutwa. Hakuanza kwa kuandika barua wala kufungua ofisi. Aliwaendea wenzake wa ngoma, na wao waliwaendea wenzao, na katika muda wa miezi michache maelfu ya wanawake wa mji walikuwa na kadi za chama. Kila kitu ambacho chama cha siasa huhitaji, vyama vya ngoma vilikuwa navyo tayari: desturi ya kukutana, michango, viongozi waliotiiwa, mashairi ya kusambaza habari, na sare ya kuonyesha umoja. Wasomi waliotazama mikutano ya Mnazi Mmoja waliona kanga zikipepea, wakadhani ni mapambo ya mkutano. Lakini kanga zile ndizo zilizoukusanya mkutano.

Si kutia chumvi kusema kwamba TANU ya Dar es Salaam ilinyonya katika usiku wa wanawake. Kwa hiyo mwaka 1968, wakati umoja wa vijana wa chama hicho hicho ulipowaandama wasichana kwa ajili ya walivyovaa, mtu mwenye kumbukumbu angeweza kustaajabu. Njia kutoka jambo la kwanza hadi la pili ilikuwa na urefu wa miaka kumi na mitatu tu.

Nini kilitokea katikati? Kwanza, mji ulifura. Hesabu ya mwaka 1957 ilikuta watu zaidi ya 128,000. Ile ya mwaka 1967 ilikuta zaidi ya 270,000. Zamani mji ulikuwa wa wanaume wengi na wanawake wachache. Sasa wasichana nao walishuka kutoka bara kwa basi na kwa reli, wengine kufuata waume, wengine kuwakimbia, wengine kutafuta kazi. Baada ya uhuru wa mwaka 1961, ofisi za serikali na za makampuni zilihitaji Waafrika katika viti vilivyoachwa. Msichana aliyesoma akajifunza kupiga taipu, akakaa nyuma ya meza, akapokea mshahara wake mwenyewe kila mwisho wa mwezi. Mama yake alipambwa na mume, au alijipamba kwa kuuza vitumbua. Binti alinunua viatu vyake vya mchuchumio bila kumwomba mtu.

Pili, ngoma ya usiku ilibadilika. Tangu Dar es Salaam Jazz Band ilipoanza mwaka 1932, dansi ilikuwa imepata watu wake, na kufikia miaka ya 1960 mji ulikuwa na bendi nyingi: Western Jazz, Kilwa Jazz, na kuanzia mwaka 1964 NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi chenyewe. Dansi ilichezwa katika majumba kama Arnautoglo, pale Mnazi Mmoja, na katika baa zilizoota Kariakoo, Ilala na Magomeni. Tofauti yake na lelemama haikuwa katika gitaa na tarumbeta tu. Katika lelemama mwanamke alicheza katika safu ya wanawake wenziwe, amevaa kama wao, na aliyemtazama alitazama kundi zima. Katika dansi alicheza na mwanamume mmoja, uso kwa uso, naye alitaka asifanane na mwingine yeyote ukumbini. Sare ilikufa, mtindo ukazaliwa. Huko nyuma pambo lilisema, Sisi ni fulani. Sasa lilisema, Mimi ni fulani. Yumkini hapa ndipo penye mzizi wa hasira yote iliyokuja baadaye, kuliko katika inchi za pindo.

Kwa kuwa wengi wamelichukua gauni fupi kuwa ndilo jambo zima, haifai kuvipita vitu vingine. Nywele za bandia zilimwezesha msichana kubadili kichwa kwa usiku mmoja na kukirudisha asubuhi. Mkoba mdogo, miwani myeusi, rangi ya mdomo na ya kucha, vyote vilikuwa vya namna hiyo: vitu vya kuvaa na kuvua. Dawa za kubabua ngozi zilikuwa jambo jingine kabisa. Nyingi za zama hizo zilitiwa zebaki au hidrokinoni, na zebaki huingia mwilini ikaharibu figo. Zaidi ya hayo, aliyezitumia alikiri bila kusema kwamba weupe una thamani kuliko weusi, miaka saba baada ya bendera ya Mwingereza kushushwa. Katika hili vijana wa TANU walikuwa na haki, na haipendezi kuwanyima haki hiyo kwa sababu tu mengine waliyoyafanya yalikuwa mabaya. Kosa la orodha yao lilikuwa kutia sumu na kitambaa katika kapu moja.

Wazo la utamaduni wa taifa lenyewe halikuzuka mwaka ule. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kuwa Rais mwezi wa Desemba mwaka 1962, alieleza masikitiko yake kwamba waliosoma walifunzwa dansi za kizungu wakaachwa hawajui ngoma za wazee wao, akatangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Yalikuwa maneno ya mtu aliyeuguza jeraha, na watu wengi waliyapokea hivyo. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, maneno hayo yalipata makali. Utamaduni ukawa sehemu ya kujitegemea; na anasa, hata iwe ndogo kama wigi, ikaanza kunuka ubeberu.

Siku chache baada ya azimio la Oktoba kutangazwa, na miezi kabla ya marufuku kuanza, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake katika kituo cha mabasi cha Kariakoo. Waliwashusha au kuwavizia waliovaa mini na magauni ya kubana, wakawatukana, wakawachania nguo. Polisi waliitwa kuwatawanya. Viongozi walieleza kwamba fujo ile haikuwa sehemu ya Operesheni, na yawezekana hawakuiagiza. Lakini aliyesema mwili wa msichana ni mali ya taifa asishangae kila mpita njia akidai sehemu yake.

Mahali penyewe pana maana. Msichana mwenye mini hakuvamiwa penye hoteli za pwani, ambako wake za mabalozi na watalii walivaa kama yeye, wala hakuvamiwa ndani ya gari la mheshimiwa. Alivamiwa kwenye basi, alipokuwa akitoka kazini. Vijana wale wengi wao hawakuwa na kazi. Ajira za mjini hazikukua kwa kadiri watu walivyoongezeka, na serikali ilikuwa ikiwakamata waliokaa bure na kuwarudisha mashambani, ikiwaita wahuni. Wao walimwona msichana wa rika lao akipita na mshahara, akinukia, akiongozana jioni na mtu mzima mwenye Mercedes, mmoja wa wale mji uliowapa jina la Wabenzi. Hawakuweza kumgusa Mbenzi. Msichana aliguswa.

Magazeti yalijaa barua. Uhuru, Ngurumo, The Nationalist na The Standard yote yalipokea maoni kwa wiki nyingi, na mjadala ule unastahili kusomwa upya na kila mwanafunzi wa historia ya taifa hili, maana ni mara chache raia wa kawaida wamebishana kwa uwazi namna ile juu ya maana ya neno utamaduni. Walioafiki walisema uhuru usio na staha ni utumwa wa pili. Waliopinga, na baadhi yao walikuwa wanawake waliosoma, waliuliza maswali mazito. Ikiwa mini ni ya kigeni, suti na tai za viongozi zimetoka wapi? Ikiwa turudi kwa vazi la mababu, ni mababu gani: waliovaa kanzu, ambayo nayo ililetwa na majahazi, au waliovaa ngozi na kuacha mapaja wazi kuliko mini yoyote? Mwalimu mwenyewe alikuwa ameacha suti ya kizungu akachukua koti lililopata jina la waziri mkuu wa China, Chou En-lai. Nalo halikushonwa kwanza Butiama.

Swali la mababu lilikuwa na ncha kali kuliko waulizaji walivyojua, kwa sababu katika mwaka ule ule wa 1968 serikali ilikuwa ikiwashurutisha Wamasai waache migolole na rangi nyekundu za mwilini, wavae suruali na mashati kama watu wa kisasa. Mmasai alikatazwa kufuata babu yake. Msichana wa Dar es Salaam alikatazwa kumwacha babu yake. Amri hizi mbili haziwezi kupatana katika hoja ya utamaduni. Zinapatana mahali pengine: katika imani kwamba dola ina jicho moja la haki la kutazama miili ya raia wake na kuamua ipi inaiaibisha mbele ya wageni.

Kanga ilitokeza katika mabishano hayo kama mshindi. Iliitwa nguo yetu, ya heshima, ya mama zetu. Mpaka wakati huo nyingi zilichapwa Uholanzi, Uingereza, India na Japani. Lakini mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo kwa msaada wa China, na kanga na vitenge vikaanza kutoka katika mashine za nyumbani. Ndipo kwa mara ya kwanza sifa ya kanga kuwa ya Kitanzania ikawa na ukweli wa kiwandani. Miaka sabini ilikuwa imepita tangu mwanamke wa Unguja aliyetoka utumwani alipoivaa ili aonekane mtu mpya. Sasa mjukuu wake alitakiwa kuivaa ili asionekane mpya kupita kiasi.

Marufuku ilianza Januari 1969 kama ilivyopangwa, na vijana wa chama wakatembea mitaani kuitekeleza. Ilifanikiwa kwa nusu nusu, kama amri za nguo zifanikiwavyo kote. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo muziki wa soul kutoka Marekani ulipigwa marufuku mjini, ingawa walioupiga na kuuimba walikuwa watu weusi, wajukuu wa watumwa, waliokuwa wakidai haki zao kwa sauti kubwa wakati uleule. Nchi jirani zilifuata njia hiyo kwa ukali zaidi: Idi Amin aliikataza mini Uganda mwaka 1972, na Malawi ya Kamuzu Banda ikatunga sheria ya mavazi mwaka 1973, iliyowakataza wanawake hata suruali, nayo ikadumu mpaka miaka ya 1990.

Dansi haikukoma. NUTA Jazz iliendelea kupiga, na bendi nyingine za mashirika na majeshi zikaongezeka, hivyo kwamba msichana aliyetoka Jumamosi usiku mwanzoni mwa miaka ya 1970 aghalabu alikuwa akicheza kwa tarumbeta zilizonunuliwa na taifa. Alivaa gauni la kitenge cha Urafiki, au lile gauni refu lililoitwa maxi, ambalo wakati huo lilikuwa limeingia mjini likitoka katika miji ile ile ya Ulaya iliyoleta mini. Lilifika mpaka kwenye vifundo vya miguu, na chini yake viatu vilipanda soli.